Unataka na risiti, au bila?

Nikihesabu maneno niliyoyatamka mara nyingi zaidi tangu nifungue duka la vifaa vya ujenzi hapa Newala, "karibu" linaongoza, na nyuma yake linafuata swali hili: "Unataka na risiti, au bila?"

Mteja mwenyeji haulizi maana yake. Na risiti, bati la geji 30 lina bei yake. Bila risiti, nakupunguzia kidogo, unaondoka unashukuru, na mashine inabaki pembeni imefunikwa kipande cha kitenge isiingie vumbi. Mauzo ambayo hayakupita kwenye mashine hayaonekani siku ya makadirio, na makadirio yakiwa madogo kodi nayo inakuwa ndogo. Mgeni nisiyemfahamu, hasa aliyevaa viatu vilivyong'arishwa, huyo simuulizi. Namtolea risiti hata kabla hajaingiza mkono mfukoni. Nina pia sentensi mbili za akiba: "mtandao unasumbua leo" na "karatasi ya mashine imeisha". Karatasi ipo, droo ya pili, chini ya vitasa.

Siandiki haya kwa kuwa nimetubu. Naandika kwa sababu ya mjomba wangu na karatasi yake.

Mjomba ana mikorosho mia na kitu, mingine ya urithi, mingine kaipanda mwenyewe. Macho yake yamechoka, kwa hiyo kila msimu korosho zikishauzwa na hela kuingia, ananijia dukani na karatasi ya malipo. Anaiweka juu ya mizani ya misumari, kana kwamba inatakiwa kupimwa, halafu anakaa juu ya mifuko ya saruji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nisomee. Safari hii wamekula kiasi gani?"

Naanzia juu. Kilo 386, daraja la kwanza. Bei ya mnada. Jumla. Halafu mstari wa chama cha msingi cha ushirika, mstari wa chama kikuu, ghala, usafiri, magunia. Kila mstari anauitikia kwa "enhe" ya chinichini, kama mtu anayesomewa majina msibani. Mwisho kabisa, kiasi kilichoingia kwenye akaunti.

"Kodi zote hizo," anasema.

Kila mwaka namweleza kwamba mistari ile mingi si kodi. Chama cha msingi kinakata gharama zake, chama kikuu zake, mwenye ghala zake. Kodi yenyewe haionekani kabisa kwenye karatasi yake. Ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, kisheria ni mzigo wa mnunuzi. Ule mkubwa, ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, uliowekwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, huo analipa msafirishaji.

Mjomba alisikiliza yote hayo, msimu mmoja, akakuna kidevu. "Na huyo mnunuzi, wakati anaandika bei yake ya mnada, hajui kwamba atakuja kulipa hizo?"

Anajua. Ndiyo maana bei inafika kwetu ikiwa imeshapungua. Mnunuzi anaanzia kwenye bei ya India au Vietnam, anatoa nauli ya meli, anatoa ushuru, anatoa faida yake, kinachobaki ndicho anachokiandika. Mjomba yuko mwisho wa foleni, na nyuma yake hakuna wa kumsukumia.

"Basi nimelipa mimi," akasema.

Sikuwa na la kumjibu, nikamuulizia habari za mguu wake.

*

Huku kwetu maneno ya kodi hayaanzi na hesabu. Jioni pale kwa muuza kahawa, kijana mmoja wa bodaboda alitoa simu akatuonyesha video: jamaa wa mbali anasema kodi ni wizi, kwamba mtu akikunyang'anya jasho lako kwa bunduki au kwa muhuri ni yaleyale. Yule kijana alikuwa na furaha ya mtu aliyevumbua kitu. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anamumunya kashata akamwambia, "Wewe umeyapata kwenye simu. Babu yako aliyapata mgongoni."

Maneno ya ile video yana wakubwa wake. Mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, aliandika mwaka 1974 kwamba kutoza kodi mapato ya kazi ya mtu kunalingana na kumfanyisha kazi ya lazima: ukichukua ujira wa saa kadhaa, umechukua saa zenyewe. Kwake ilikuwa hoja ya kuchokonoa watu waliozoea kodi. Kwetu ni historia. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba, shabaha haikuwa kujaza hazina peke yake. Mtu mwenye muhogo wake, kuku wake na kisima chake hana haja ya kwenda kubeba mizigo ya mtu wala kulima katani ya mtu. Mdai rupia, na rupia zisipatikane ila kwa mzungu, atakwenda mwenyewe. Kodi ile ndiyo iliyokuwa kamba.

Na kuna aliyeikataa papa hapa kwenye uwanda wa Makonde. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa Luagala, alimwandikia Wissmann, kamishna wa Wajerumani, mwaka 1890, tena kwa Kiswahili, kwamba kama anataka urafiki yuko tayari leo na siku zote, ila kuwa mtumwa wake, hapana. Alishikilia hapo karibu miaka kumi. Mwaka 1899, baada ya kukataa ile kodi, aliandamwa na askari akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Miaka sita baadaye, Julai 1905, upande wa Lindi, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu, na Maji Maji ikaanza. Watoto wetu wanaijua tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani. Kwamba pamba ile na kodi ile vilikuwa vidole vya mkono mmoja, sikumbuki kama nilifundishwa.

Kumbukumbu yangu mwenyewe ni ya karibu zaidi. Miaka ya themanini mwishoni hadi tisini kulikuwa na kodi ya maendeleo, mrithi wa kodi ya kichwa, na mgambo walikuwa wanakuja alfajiri kabla watu hawajaamka vizuri. Asiye na stakabadhi alichukuliwa, au walichukua baiskeli, au kuku, au chochote kilichobebeka. Wanaume walijua siku zake. Mjomba alikuwa analala shambani chini ya mikorosho, na mimi, darasa la nne, nilitumwa kumpelekea chakula. Siku hiyo nilikuwa na bakuli la ming'oko iliyochemshwa, limefunikwa kwa sahani ya bati. Mgambo wawili wakanisimamisha njiani.

"Unampelekea nani?"

"Nakula mwenyewe."

Yule mmoja alifunua sahani, akachukua mng'oko, akamenya, akala taratibu huku ananiangalia. Akachukua wa pili. Nikabaki nimesimama, jasho linanitoka, nikawaza kwamba wakiila yote basi uongo wangu umekuwa kweli kwa sababu hakuna wa kupelekewa. Walibakiza mitatu. Mjomba aliila bila kuuliza kwa nini michache.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwa watoza kodi. Nimeukuza tangu hapo, nimeuwekea duka.

*

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Siku zile watu walicheza ngoma, mgambo wakabaki na fimbo zisizo na kazi. Na mwaka huohuo, daraja la Rufiji lilifunguliwa, likapewa jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, aliyekuwa rais wakati ule. Asiyewahi kusubiri pantoni ya Ndundu wakati wa masika hawezi kuelewa daraja lile lina maana gani. Watu walilala kando ya mto siku mbili, tatu, maiti zikisubiri na walio hai. Mkoa mzima wa Lindi na wa Mtwara ulikuwa kisiwa.

Nimeyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Mwaka uleule tulioacha kulipa kodi mkononi, ndio tuliopata kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo kodi inaweza kulipia. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba hivyo ndivyo dunia inavyokwenda: serikali inajenga, sisi tunapita. Kodi haikuwa imekufa. Iliacha tu kubisha hodi, ikahamia kwenye lita ya mafuta, kwenye sabuni, kwenye sukari, na kwenye bei ya mnada ya mjomba.

Kijana wa bodaboda nilimuuliza, barabara unayoikimbiza pikipiki yako ni ya nani? Akasema, "Mafuta ninayoweka yanakatwa ya barabara, kwa hiyo ni yangu." Jibu zuri kuliko nililotarajia.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, na mvua zikaja juu ya mvua, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, madaraja na makalvati yakasombwa. Mabati yangu yalikuwa ndani ya lori lililokwama njiani pamoja na mabasi na malori mengine, na kwa siku kadhaa nilikaa dukani naangalia ukuta. Saruji ilikuwepo kwa kuwa inatengenezwa Mtwara. Misumari ilikwisha. Hapo ndipo nilipoona, kwa macho ya mtu anayepoteza hela, kwamba faida yangu yote imetandazwa juu ya lami ambayo sikuimwaga. Nilipiga simu kila saa kumi na mbili jioni kuuliza serikali wamefikia wapi. Sijawahi kuwa raia mwema kama wiki ile.

Kwa hiyo hoja ya wizi hainishiki sana. Mwizi hakuachii daraja. Lakini nisiruke upesi, maana daraja nalo halimalizi kesi. Kule Kilwa, Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, alimsifu sultani kwa ukarimu wake, na akaandika kwamba katika mali ya vita sultani alitenga khumsi, sehemu moja ya tano, kwa matumizi yaliyotajwa kwenye Qur'ani, na masharifu kutoka Hijazi na kwingineko walikuwa wanakuja kupewa. Ni habari nzuri ukiisoma ukiwa upande wa masharifu. Mali yenyewe ilitoka kwenye uvamizi wa nchi za bara, na watu wa bara, kwa jiografia, ni sisi. Matumizi yalikuwa ya dini kabisa. Waliochukuliwa hawakuulizwa.

Ndiyo maana watu walipoandamana Mtwara mwaka 2013, Januari na tena Mei, wakipinga gesi asilia ya kwetu kupelekwa Dar es Salaam, wakisema "gesi haitoki", sikuungana na waliowaita wajinga. Kuna nyumba zilichomwa, watu walipoteza maisha, na hilo halina utetezi. Lakini swali lilikuwa halali: kinachotoka kwetu kinakwenda wapi, na nani ametuuliza? Ndilo swali lililorudi mwaka 2018 kwenye korosho. Kwa sheria ya 2009, asilimia 65 ya ule ushuru wa kusafirisha nje ilitakiwa irudi kwenye zao, kwa pembejeo, utafiti na mengineyo, na 35 iende Hazina. Juni 2018 Bunge likabadilisha, yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele wakashindwa kwa kura. Ilikuwa halali: Katiba, ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria ya Bunge, na Bunge lilikuwa limekaa. Miezi michache baadaye minada ikavurugika, serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yakabeba magunia, uhakiki ukaanza, na malipo ya wengi yakachelewa. Mjomba mwaka ule alikuja dukani bila karatasi yoyote. Alikaa tu kwenye saruji.

Haki iadhimishwe pale ilipo: misimu ya karibuni salfa inagawiwa bure, na mjomba anapulizia mikorosho yake bila kukopa. Analijua hilo na analisema.

*

Shehe wetu hapendi mtu akichanganya zaka na kodi, na ana sababu zake. Mimi nimejifunza kitu kimoja kwenye zaka ambacho natamani waandishi wa bajeti wangekichukua, hata wasipomwambia mtu wamekitoa wapi: nisabu. Kuna kiwango, na ukiwa chini yake hudaiwi. Zaidi ya hapo, aya ya 60 ya Sura ya Tawba inapotaja makundi manane ya wanaopewa, mafukara na maskini ndio wanaotangulia, kisha watumishi wanaoikusanya. Yaani hata gharama za mkusanyaji zimetajwa waziwazi, haziibiwi gizani.

Sasa linganisha. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayafiki shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya makadirio. Hiyo ni nisabu, na ni jambo la heshima. Mjane wa Kitangari mwenye gunia moja la korosho hana nisabu. Kilo yake ya kwanza inabeba ushuru uleule unaobebwa na kilo ya elfu kumi ya mwenye shamba kubwa. Hakuna anayemuuliza ana watoto wangapi, kwa sababu hakuna anayemdai yeye. Anadaiwa mnunuzi. Mjane hayumo kwenye kitabu chochote cha walipa kodi, na hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumtoza mtu bila kumsikiliza.

Wala hawezi kukimbia. Tangu stakabadhi ghalani ilipoingia msimu wa 2007/08, korosho inapita kwenye mizani ya chama, inaingia ghalani, inauzwa mnadani. Anayejaribu kukwepa anaangukia kwa kangomba, anayempimia kwa kopo wakati wa njaa, kwa bei ya kutupa. Kukwepa kwake kunamgharimu kuliko kodi.

Kukwepa kwangu mimi kunanilipa.

Hilo nililijua kwa akili muda mrefu. Nililijua kwa namna nyingine usiku mmoja mwanzoni mwa 2023. Mke wa mdogo wangu alishikwa na uchungu saa saba usiku, kijijini. Zamani ingekuwa safari ya kutafuta gari hadi hospitali ya mbali, na katika ukoo wetu tunao tuliowazika kwa sababu ya safari hiyo. Safari hii kulikuwa na kituo cha afya kipya, kimojawapo kati ya vile vilivyojengwa kwa fedha za tozo. Mnaikumbuka tozo: ilianza tarehe 15 Julai 2021, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa simu, na nchi nzima ikalalamika mpaka ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Nami nililalamika. Kijijini kituo kile wanakiita hivyo tu, "kwa Tozo", kama jina la mtu. "Mpelekeni kwa Tozo."

Tukampeleka kwa bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma. Taa zilikuwa zinawaka. Vigae vyeupe. Muuguzi alikuwa mmoja, amechoka, mwenye huruma. Alimpokea, akampima, kisha akanigeukia: "Kaka, glavu zimekwisha. Na pamba. Duka la dawa hapo ng'ambo, mgongee, atafungua."

Nilipandwa na hasira. Nilisema mengi pale koridoni, na moja nalikumbuka vizuri kwa kuwa nililitoa kwa sauti kubwa: "Sisi tunalipa kodi!" Muuguzi hakujibu. Alishazoea. Nikavuka barabara nikagonga. Mwenye duka alifungua dirisha dogo, shuka mabegani, akanihesabia glavu jozi nne na robo ya pamba, akataja bei.

"Na risiti, au bila?"

"Bila," nikasema. Midomo ilijibu yenyewe.

Nilikuwa nimeshafika katikati ya barabara nilipojisikia. Sikusimama, kulikuwa na mtu anasubiri glavu. Mtoto alizaliwa kabla ya swala ya alfajiri, msichana, ana sauti. Lakini pale nje, nimekaa kwenye ngazi nikisubiri kupambazuke, nilijaribu kuhesabu ni nani aliyelipia vigae vile. Wamama waliotumiwa shilingi elfu ishirini na watoto wao wa Dar es Salaam, wakakatwa. Mjomba na kilo zake 386. Muuguzi mwenyewe, ambaye mshahara wake unakatwa kabla haujamfikia. Kijana aliyenipangisha pikipiki yake kwa lita mbili za mafuta. Nikajitafuta mimi kwenye orodha hiyo. Nilikuwemo, kidogo, kwa yale ambayo mashine iliyaona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaobishana kama kodi ni wizi au si wizi. Wanazungumza kana kwamba kuna serikali upande mmoja na mwananchi upande wa pili, na kamba katikati. Mimi naona foleni. Kinachotakiwa kujengwa kina gharama, na gharama ile haipungui kwa kuwa mmoja ametoka kwenye foleni kupitia mlango wa nyuma. Inahamia kwa asiye na mlango wa nyuma. Huku kwetu nani hana mlango? Anayepima korosho. Anayetumiwa hela kwa simu. Anayenunua umeme: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na mpangaji ndiye anayenunua umeme. Chumba cha duka langu ni cha kupanga. Kodi ya jengo la mwenye nyumba nakatwa mimi kila mwezi, na sijapata kumuona mpangaji aliyeidai kwa mwenye nyumba akabaki na chumba. Kwa hiyo naonja nami kidogo. Lakini nikiumwa na LUKU naweza kujiponya kwenye mashine ya risiti. Mjomba ajiponye wapi?

Afisa wa mapato aliyenikadiria mwaka juzi alisema mwenyewe, kwa utani, "Nyinyi wa madukani mnalipa mnachotaka." Tulicheka wote wawili. Hakuwa amesema uongo, na ukiangalia vizuri si utani hata kidogo, kwa sababu wote wawili tulijua nani hatacheka.

Na msiniambie, kama alivyoniambia rafiki yangu wa duka la tatu kutoka hapa, kwamba nikilipa yote zitaliwa. Zinaliwa, najua. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ikitoka tunaisoma kama magazeti ya udaku. Ila mwenye haki ya kuchelewesha kodi yake kwa hasira ya ufisadi ni yule anayeweza kusema: hiki hapa, kinasubiri. Mimi changu hakisubiri popote. Kimeshakuwa bati jingine dukani.

*

Nimebadilika? Robo tatu. Siulizi tena lile swali. Anayenunua natoa risiti. Kuna wateja nimewapoteza, wameingia duka la tatu kutoka hapa. Kuna siku, na hasa mwisho wa mwezi, mtandao bado "unasumbua".

Msimu wa 2024/25 mjomba alikuja kununua mabati kumi na kilo tatu za misumari. Bei ya korosho ilikuwa nzuri, mnada wa kwanza kabisa ulikuwa umevuka shilingi 4,000 kwa kilo, na alikuwa amevaa kanzu mpya. Nilimpunguzia kwa ujomba wetu, nikabonyeza mashine. Karatasi ilikuwa imeisha, safari hii kweli. Nikatoa nyingine kwenye ile droo ya vitasa, nikaifunga, ikachapa.

Mjomba huwa anatunza kila karatasi kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliichukua risiti, akaiweka kando ya karatasi yake ya malipo, akazilinganisha urefu. Ya kwake ilikuwa imezidi kwa mistari mingi.

"Nisomee hii yako."

Nikamsomea. Jina la duka, namba, mabati, misumari, jumla. Kisha ule mstari wa chini. Duka langu halijafikia kusajiliwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo mashine huandika hivyo kila mara.

"Kodi, sufuri nukta sufuri sufuri."

"Enhe?"

"Hiyo ni ya aina moja tu, mjomba. Zipo nyingine nalipa, kwa makadirio, mara nne kwa mwaka."

"Nimekuelewa." Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Kumbe kuna watu wanaandikiwa sufuri."

Nikaanza kumpimia misumari.